1JZ inagonga ikiwa baridi, inanyamaza ikipata moto, inaanza tena ikishika busti. Ni beringi au?

Chuma_JZX

Wakuu habari zenu. Naweka maelezo yote mapema ili tusiulizane kidogo kidogo.

Gari ni Chaser JZX100, injini 1JZ-GTE ya VVT-i, gia ya mkono R154. Injini ilifunguliwa na kufungwa upya: pistoni za foji (chuma cha kufuliwa) mm 86.5, konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) za foji, beringi mpya zote, pampu ya oili mpya. Turbo ya kiwandani, ile CT15B, imetoka. Imekaa kubwa zaidi juu ya manifoldi ya mabomba ya kuchomelea, na westigeti (valvu inayopitisha gesi pembeni ya turbo) ya nje ya mm 44. Flaiwili nyepesi, klachi ya sahani mbili, maunti za injini ni za poliurethani. Kompyuta ni ya kupangwa kwa laptop. Busti, yaani presha ya hewa ya turbo, bar 1.2. Oili 10W-40.

Sasa sauti. Asubuhi nikiwasha ni tak-tak-tak, inasikika vizuri hata ukiwa nyuma ya gari. Ukisimama mbele huwezi kusema inatoka wapi, mara juu, mara chini. Kadiri inavyopata moto inafifia, na geji ya maji ikifika mahali pake inakuwa imebaki kidogo sana. Halafu barabarani, gia ya tatu, nikikanyaga, kuanzia resi (mizunguko kwa dakika) 2,500 hivi inarudi. Safari hii ni tik-tik-tik kavu, ya haraka, na inapanda pamoja na busti. Nikiachia ekseleta inakata palepale.

Presha ya oili: baridi bar 5, ya moto bila resi bar 1.3, ya moto kwenye 4,000 ni bar 4.5. Kwenye laptop naona kompyuta inarudisha taimingi (wakati wa cheche) digrii mbili tatu wakati injini ni baridi, inadhani kuna noki, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Aliyenipangia kompyuta anashauri tupunguze usikivu wa sensa ya noki, basi. Pia turbo siku hizi inachelewa kidogo, bar 1.2 ilikuwa inafika kwenye 3,600, sasa ni karibu 4,000, ila hilo nadhani ni joto la hewa tu.

Fundi wa kwanza kasikiliza akasema injini imenoki, ishushwe. Wa pili kasema tapeti. Gari nimeipaki. Kuishusha siogopi, ila sitaki kuishusha kwa kubahatisha. Naomba mawazo.

---

Resi_Elfu_Nane

Pole mkuu. Hiyo imenoki, usijidanganye. Konrodi ikianza kugonga ndivyo ilivyo, leo inasikika kesho inanyamaza, keshokutwa inatoboa bloku. Presha bar 1.3 kwa injini mpya ni ndogo. Shusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) leo, usiwashe tena.

---

MzeeWaTorki

Kabla ya kushusha chochote, kanyaga klachi gari ikiwa imewaka, haiko gia. Flaiwili nyepesi inafanya meno ya gearboksi yagongane, ukikanyaga inanyamaza. Klachi ya sahani mbili nayo ni kinyume, inapiga kelele ukikanyaga. Watu wameshusha injini nzima kwa sauti ya klachi.

Kuhusu tapeti: 1JZ haina tapeti za haidroliki, ina visahani vya kurekebishia. Nafasi ya valvu za kuingiza ni mm 0.15 hadi 0.25, za kutolea mm 0.25 hadi 0.35, injini ikiwa baridi. Hedi ikiguswa bila kupimwa upya inagonga. Lakini tapeti haijui busti ni nini, kwa hiyo mimi siipi kura.

---

MamaSpana

Chuma_JZX, umefanya vizuri kuipaki. Mimi kazi yangu ni mashine, nachonga bloku na kulinganisha kranki, kwa hiyo injini nyingi hunifikia zikiwa zimeshashushwa. Nyingine zilishushwa bila sababu. Soma taratibu.

Kwanza, acha kusema "sauti" kana kwamba ni moja. Nikisoma maelezo yako naona mbili. Kuna tak nzito ya baridi na kuna tik kavu ya busti. Huenda zina baba mmoja, huenda hazina. Injini iliyobadilishwa pistoni, manifoldi, flaiwili na maunti ina haki ya kuwa na kelele tatu kwa wakati mmoja, na maunti za poliurethani zinakuletea zote mpaka kwenye kiti.

Tuanze na kinachoua. Resi_Elfu_Nane ana haki ya kuogopa, ila presha sio ushahidi wake. Bar 1.3 ikiwa ya moto bila resi, na 4.5 kwenye 4,000, haina tatizo. Kanuni ya gereji ni karibu bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, na wewe umeipita. Lakini nawe usijifariji kwa geji: beringi moja ya konrodi ikilegea kati ya sita, sindano inaweza isisogee hata kidogo. Kinachosema ukweli ni filta. Mwaga oili kwenye chombo kisafi, kata kopo la filta kwa kisu cha kukatia filta, sio msumeno, msumeno unamwaga vumbi lake la chuma ndani. Toa karatasi, ikamue, itandaze juani na uipindishepindishe. Chembe zinazonata kwenye sumaku ni chuma: ringi, kamshafti, pampu ya oili. Zinazong'aa kijivu na hazinati ni aluminiamu au tabaka la juu la beringi. Ukiona rangi ya shaba kwenye beringi za tabaka tatu, tabaka la juu limeshaisha, hapo shusha bila kuniuliza. Vumbi laini kidogo kwa injini mpya ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha sio kawaida.

Tabia nayo inasema. Konrodi iliyolegea inapenda joto, kwa sababu oili inakuwa nyepesi na haijazi tena ile nafasi. Inasikika zaidi kwenye resi 2,000 hadi 2,500 bila mzigo mkubwa, na unapoachia ekseleta ndipo inajitangaza. Yako inafanya kinyume kwa kila kipengele: inapungua ikipata moto na inakata ukiachia. Sijasema sio. Nasema ingekuwa konrodi, ingekuwa konrodi ya ajabu.

Tak ya baridi nina mashaka nayo ya pistoni. Uliza aliyekufungia ni foji ya aloi gani. Ya 2618 karibu haina silikoni, ni ngumu kuvunjika lakini inatanuka sana, kwa hiyo sisi tunaiachia nafasi kubwa kwenye silinda, kwa injini ya turbo ya kipenyo chako inafika mm 0.09 au 0.10. Ikiwa baridi pistoni inapiga ukuta wa silinda, inapopata moto inajaa na kunyamaza. Ya 4032 ina silikoni karibu asilimia 12, inatanuka kidogo, inafungwa kwa kubana zaidi na kelele yake ni ndogo. Kama ni 2618, kelele ya dakika chache za mwanzo umeinunua pamoja na pistoni.

Sasa kazi ya nyumbani. Kesho injini ikiwa baridi kabisa, weka simu juu ya boneti irekodi, andika resi zilikuwa ngapi. Ifungue rekodi kwenye programu yoyote inayochora mawimbi ya sauti na uhesabu mapigo makali kwa sekunde moja. Kwenye resi 1,200 kranki inazunguka mara 20 kwa sekunde. Kamshafti inazunguka nusu yake, mara 10. Kitu kinachotokea mara moja kwa kila mwako wa silinda moja kitapiga 10. Konrodi kwa kawaida inagonga kila mzunguko wa kranki, 20. Pistoni zote sita zikipiga kuta kwa pamoja hupati pigo la kuhesabika, unapata mchakacho.

Halafu, ikiwa bado baridi, tumia laptop kuzima nozeli (za kupulizia petroli) moja moja. Usichomoe koili, 1JZ ya VVT-i ina koili tatu kwa silinda sita, utazima mbili kwa pamoja na kupeleka petroli mbichi kwenye ekzosi. Zima nozeli ya kwanza, sikiliza, irudishe, ya pili, mpaka sita. Andika kila moja.

Na lile la turbo kuchelewa ulilolitupa mwishoni ukasema ni joto la hewa, mimi ndilo nililosoma mara mbili. Resi 400 sio hewa. Chukua bomba la mpira la urefu wa mkono, weka ncha moja sikioni, nyingine itembeze kwenye manifoldi, kila shingo, kila mahali palipochomelewa. Usiguse, utaungua. Angalia pia masizi meusi kwenye gasketi.

---

Resi_Elfu_Nane

Dada mimi nimeona injini ikitoboa bloku mbele ya macho yangu, presha ilikuwa nzuri mpaka dakika ya mwisho. Kucheza na simu na mipira ni kupoteza muda.

---

MamaSpana

Ndio maana nimemwambia akate filta kwanza, kaka. Tumesema kitu kimoja, wewe umetaka sampo, mimi nimetaka filta. Filta inatoka kwa mkono. Sampo kwenye JZX100 imekaa juu ya krosmemba (boriti inayopita chini ya injini), na ukiifunga vibaya unapata uvujaji mpya wa oili.

---

Chuma_JZX

Nimerudi na majibu.

Filta nimeikata. Vumbi laini la kijivu, kidogo, sumaku imeokota chache sana. Hakuna rangi ya shaba, hakuna kipande. Nimempelekea picha fundi aliyefunga injini, kasema na yeye haoni tatizo. Pistoni kathibitisha ni 2618, nafasi aliyoacha ni mm 0.095.

Klachi: nikikanyaga kuna mkwaruzo unabadilika, ila tak ipo vilevile. Kwa hiyo MzeeWaTorki hiyo tumeiondoa.

Rekodi: resi zilikuwa 1,200, mapigo makali nimepata 10 kwa sekunde, yamepangana sawasawa kabisa. Chini yake kuna mchakacho ambao hauhesabiki, kama ulivyosema.

Nozeli: ya kwanza mpaka ya tano, nikizima injini inatetemeka, mchakacho unapungua kidogo, tak ipo. Nilipozima ya sita tak ikafutika. Ikabaki mchakacho peke yake. Nikairudisha, ikarudi. Nimerudia nikapata jibu lilelile.

Kwa hiyo silinda ya sita. Na sasa naogopa zaidi, maana si ndiyo konrodi ya sita hiyo?

---

MzeeWaTorki

Ingekuwa konrodi ungehesabu 20, sio 10. Mpira umeutumia?

---

MamaSpana

Hofu yako ina msingi, kwa sababu ukizima mwako wa silinda, vitu vitatu vinanyamaza: konrodi yake, pistoni yake, na gesi yake inayovuja. Jaribio la nozeli linakupa nyumba, halikupi chumba. Chumba kinapatikana kwa kuunganisha mengine: mapigo 10, inafifia ikipata moto, inarudi na busti, inakata ukiachia, turbo imechelewa. Konrodi imebeba moja tu kati ya hayo, na hilo ni kwa kulazimisha. Gesi inayovuja kabla ya turbo imebeba yote.

Kwa nini inyamaze ya moto halafu irudi? Manifoldi yako ni chuma cha pua, sivyo? Chuma cha 304 kinatanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kumwaga cha kiwandani. Kipande cha sentimita 40 kikipanda nyuzi 600 kinarefuka karibu mm 4. Ufa mwembamba ukipata joto unabana, sauti inafifia. Ukikanyaga, presha ya gesi kabla ya turbo inapanda, mara nyingi inazidi hata busti yenyewe, inaupanua ule ufa na gesi inachomoka. Ukiachia presha inaanguka, sauti inakata. Na gesi inayotoka pembeni haizungushi turbini, ndiyo resi zako 400.

Silinda ya sita ipo nyuma, karibu na ukuta wa kabini. Tazama turbo imeshikiliwa na nini. Kama imening'inia kwenye manifoldi peke yake bila mkono wa kuibeba, uzito wote unafanya kazi kwenye kona moja.

Njia rahisi ukiwa hujawasha gari: chukua mashine ya kunyonya vumbi yenye upande wa kupuliza, ifunge kwenye mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, ipulize, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye shingo zote. Injini iwe baridi kabisa. Povu litakuonyesha.

Usiendelee kuendesha hivyo. Gesi ya moto ikielekea kwenye waya au bomba la breki inayeyusha, na kaboni monoksidi ikipenya kabini huioni wala huinusi.

---

Chuma_JZX

Povu limepatikana! Sio kwenye gasketi. Ni kwenye mchomeleo ambapo bomba la sita linaingia kwenye kikusanyio chini ya turbo, upande wa ukuta, mahali ambapo huoni bila kioo. Nimeishusha manifoldi: ufa umekata karibu nusu ya mzunguko, kingo zake zina masizi meusi ndani na kijivu nje. Stadi moja ya silinda ya sita nayo nati imelegea, naizungusha kwa vidole.

Na turbo haina mkono wa kuibeba. Ilikuwa imening'inia tu.

Basi swali langu la mwisho ni lile la kompyuta. Nikishachomelea, nimruhusu apunguze usikivu wa sensa ya noki au nikatae?

---

Resi_Elfu_Nane

Hapo sawa, filta imeongea. Kwenye noki mimi huwa nazima kabisa, injini ya foji inavumilia.

---

MamaSpana

Foji inavumilia kidogo zaidi, haifanyi miujiza. Noki ya kweli, ile ya kokoto ndani ya kopo la bati, inavunja ukuta kati ya ringi na ringi, inapiga beringi ya konrodi kutoka juu, na gasketi ya hedi inafuata. Usizime.

Lakini mpangaji wako naye hajakosea kuona tatizo, kakosea dawa. Sensa ni sikio tu, limefungwa kwenye bloku. Kwa kipenyo cha mm 86.5 noki inalia karibu na kiloherzi 6.6, na kompyuta imeambiwa isikilize hapo. Pistoni inayopiga ukuta wa silinda ina sauti pana, inaingia hadi kwenye masafa hayo. Ndiyo maana inarudisha taimingi asubuhi. Akipunguza usikivu kila mahali, ameziba sikio hata kwenye 6,000 na bar 1.2, ambako unalihitaji.

Mwambie afanye hivi. Kompyuta nyingi za kupangwa zinaruhusu kuweka joto la maji ambalo chini yake sensa haisikilizwi. Aweke hapo, kwa sababu ukiwa baridi hutakiwi kuwa kwenye busti hata hivyo. Halafu injini ikiwa moto, taimingi akiwa ameirudisha nyuma makusudi mpaka hakuna noki kabisa, arekodi kelele ya kawaida ya injini kila resi 500 mpaka juu, na mstari wa onyo auweke juu ya hiyo kelele. Afanye baada ya manifoldi kurudi, sio kabla. Kelele ya ufa ukiirekodi kama kelele ya kawaida, umeweka mstari mahali pasipo pake.

Kuhusu kuchomelea: asijaze juu ya ufa. Aukwangue mpaka mwisho, atoboe katundu kadogo kwenye ncha zake usiendelee kutambaa, apulize agoni ndani ya bomba wakati anachomelea. Uso wa flanji uupime kwa rula iliyonyooka kabla ya kufunga, joto la kuchomelea linaupinda. Stadi zibadilishe zote, na mkono wa turbo ufungwe kwenye bloku, usifungwe kwenye bodi ya gari, injini inatikisika na bodi haitikisiki.

---

Chuma_JZX

Manifoldi imerudi, mkono wa turbo upo, stadi mpya. Tik ya busti haipo. Bar 1.2 inafika kwenye 3,600. Asubuhi mchakacho wa pistoni bado upo, kwa dakika chache, halafu unaisha. Kuna jamaa kaniambia niweke oili nzito zaidi, 20W-60, utapungua. Mnasemaje?

---

MzeeWaTorki

Utapungua masikioni. Beringi zako zimeachiwa nafasi ya 10W-40, asubuhi oili nzito inachelewa kufika hedi.

---

MamaSpana

Baki na 10W-40. Usizidishe resi 3,000 na usiguse busti mpaka oili, sio maji, ifike nyuzi 80 hivi. Geji ya maji inatulia mapema, oili inafuata kwa mbali, hasa kama una kipoza oili kisicho na themostati. Nati za manifoldi zikaze tena ikiwa baridi baada ya kupata moto na kupoa mara kadhaa, ukianzia katikati kwenda pembeni. Filta hii mpya ikitoka, ikate tena unitumie picha.